Ushauri wa Chakula Nao ni Tiba: Nani Aulipie?

Katika nyumba nyingi za askari, baba au mama akiambiwa na daktari kwamba ana kisukari, swali la kwanza huwa ni bei ya dawa. Ni nadra kuuliza ni nani atakayemfundisha mgonjwa, pamoja na yule anayempikia, namna ya kula kuanzia siku hiyo. Hata hivyo, vidonge peke yake haviwezi kuyatawala maradhi hayo iwapo sahani ya posho inabaki na ukubwa ule ule wa jana.

FUNZO LA MULAGO

Hospitali ya Mulago, mjini Kampala, ilijifunza jambo hili zamani. Watoto waliougua kwashakoo walilazwa, wakatibiwa, wakapata nafuu na kurudishwa makwao. Baada ya muda, baadhi yao waliletwa tena wakiwa wamevimba miguu kama mwanzo. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake. Chungu cha nyumbani ndicho ambacho hakikubadilika.

Ndipo mwaka 1965 kilipofunguliwa hapo Mulago kituo cha lishe cha Mwanamugimu. Jina hilo limetokana na methali ya Waganda yenye maana kwamba afya ya mtoto huanzia kwenye mbeleko, yaani katika malezi ya mama. Kituoni humo mama hakuwa mtu wa kungoja kando ya kitanda. Alipika, alilisha, na aliyaona kwa macho yake mabadiliko ya mwanawe. Alifundishwa kutengeneza kitobero, mchanganyiko wa ndizi au viazi pamoja na maharagwe, karanga au samaki wadogo, na mboga za majani. Vyakula hivyo hupatikana shambani na sokoni, wala si vya kuagizwa kutoka ng'ambo. Mama aliporudi nyumbani, elimu hiyo iliwafaa pia watoto waliofuata.

GHARAMA YA USHAURI

Nchini Uganda, malipo ya wagonjwa katika hospitali za serikali yaliondolewa mwaka 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia. Kuhusu bima ya afya ya taifa, Bunge lilipitisha muswada mwaka 2021, lakini haukutiwa saini na Rais ili uwe sheria. Kwa hiyo walio wengi hutegemea huduma za serikali, na wachache wana bima za makampuni.

Katika nchi nyingine, ushauri wa chakula umewekwa waziwazi ndani ya bima. Nchini Marekani, bima ya serikali iitwayo Medicare, ambayo huwahudumia hasa watu wa miaka 65 na zaidi, imekuwa ikiulipia tangu Januari 2002. Mwenye kisukari au maradhi ya figo, akiwa na barua ya daktari wake, hupewa saa 3 za ushauri wa mtaalamu wa lishe katika mwaka wa kwanza, na saa 2 katika kila mwaka unaofuata, bila yeye mwenyewe kutoa senti. Aliyepandikizwa figo hupata haki hiyo kwa muda wa miezi 36. Lakini mwenye shinikizo la damu peke yake hayumo katika orodha hiyo.

Mfano huo unaonyesha kwamba haitoshi mtu kusema, "Nina bima." Imempasa aulize mapema mambo matatu: Je, ushauri wa lishe umetajwa katika mkataba? Je, unalipiwa kwa maradhi gani, na mara ngapi kwa mwaka? Je, inahitajika barua ya daktari kabla ya kumwona mtaalamu? Mwenye kukosa barua hiyo aweza kunyimwa malipo ambayo yalikuwa haki yake.

ANAYEPIKA AENDE PIA

Asiye na bima naye asikate tamaa. Anapotibiwa katika hospitali ya serikali au ya kambini, amwombe daktari ampeleke kwa mtaalamu wa lishe, kama yupo. Na kama hayupo, aombe maelezo ya chakula kutoka kwa muuguzi. Kabla ya kwenda, familia iandike kila kilicholiwa na kunywewa kwa siku tatu, pamoja na sukari ya chai na chumvi ya mchuzi. Dawa zote zinazotumiwa zichukuliwe. Zaidi ya yote, anayepika aende pamoja na mgonjwa.

Jambo hili lawahusu sana askari waliostaafu. Kazini, mazoezi na matembezi marefu yalitumia nguvu ya chakula chao. Baada ya kustaafu mazoezi hupungua, lakini kipimo cha posho mara nyingi hubaki cha kambini. Mtaalamu hataamuru posho itupwe. Aghalabu ataonyesha ipunguzwe kiasi gani, na maharagwe na mboga zichukue nafasi gani katika sahani. Wala mgonjwa asiache dawa kwa sababu ameanza kula vizuri, mpaka daktari aamue.

Kisukari kisichotunzwa huharibu macho, figo na miguu, na gharama ya kusafisha damu kwa mashine huwalemea jamaa wote. Basi kila familia yenye mgonjwa na iombe ushauri huo katika ziara ijayo ya hospitali, kama inavyoomba vidonge.