Sababu ya redio ya gari kuukuu kutonasa vituo vya nyumbani

WENGI walionunua magari yaliyotumika kutoka Japani wanaijua fedheha hii. Gari limetoka bandarini Mombasa liking'aa, injini inanguruma kwa utulivu, lakini redio ikifunguliwa hakuna kinachosikika ila mkwaruzo, na labda kituo kimoja au viwili. Mwenye gari huapa kwamba redio imeharibika. Kabla ya wiki kwisha amempa fundi fedha aing'oe na kutia nyingine.

Aghalabu redio hiyo huwa nzima kabisa, ila iliundwa kwa ajili ya nchi nyingine.

Hapa Kenya, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya dunia, vituo vya FM hutangaza kati ya megahezi 87.5 na 108. Japani ilitengea FM masafa ya kutoka 76 hadi 90 pekee, kwa kuwa yale ya kutoka 90 hadi 108 yalitumiwa na chaneli tatu za kwanza za televisheni. Televisheni hizo za analogi zilizimwa katika sehemu kubwa ya nchi hiyo mwezi Julai 2011, na baadaye nafasi ya hadi 95 ikafunguliwa kwa redio. Gari lililoundwa mwaka 1998 au 2005 halina habari ya mabadiliko hayo. Redio yake hukomea 90. Jijini Nairobi, Capital FM iko 98.4, Kiss iko 100.3 na Radio Citizen iko 106.7, na zote hizo haizifikii. Inachoweza kunasa ni vituo vichache vilivyo kati ya 87.5 na 90, mahali ambapo masafa ya nchi hizi mbili hukutana.

Dawa ya bei nafuu ni kile kifaa kidogo ambacho mafundi hukiita ekspanda. Huwekwa baina ya waya wa antena na redio, na kazi yake ni kuyateremsha masafa ya vituo vyetu hadi pale redio inapoweza kuyafikia. Kikiwa cha megahezi 14, basi kituo cha 98.4 huonekana kwenye redio kama 84.4.

Hesabu hiyo ni nyepesi, ila ina mtego ambao muuzaji hakuelezi. Nafasi ya redio ya Kijapani ina upana wa megahezi 14, ilhali masafa yetu yana upana wa zaidi ya 20. Hakuna ekspanda iwezayo kuvileta vituo vyote. Hiyo ya 14 huishusha 106.7 hadi 92.7, ambako redio haifiki. Ukichukua ya megahezi 20, 106.7 itaonekana kama 86.7, lakini utakuwa umepoteza kila kituo kilicho chini ya 96. Isitoshe, kifaa chenyewe huongeza mkwaruzo wake, na kituo kilichokuwa kikisikika kwa taabu hupotea. Kwa mtu anayezunguka mjini na kusikiliza vituo viwili au vitatu, ekspanda inatosha. Anayesafiri kutoka Nairobi hadi Kisumu, ambako kituo kile kile hubadili masafa kutoka eneo moja hadi jingine, atachoka kupiga hesabu barabarani.

Ndipo wazo la kubadilisha redio linapokuja, nalo ni wazo zuri. Redio mpya hunasa vituo vyote, huchomekwa flashi, na huunganishwa na simu ili dereva asiishike akiwa usukani. Baadhi ya magari huja na skrini yenye ramani ya Japani na maandishi ya Kijapani. Huwapendeza watoto, lakini haimfikishi mtu Thika.

Pima kwanza tundu la dashibodi. Redio nyembamba ina upana wa milimita 180 na kimo cha 50. Ile nene ina kimo cha 100. Toyota nyingi zina tundu lenye upana wa milimita 200, hivyo redio ya 180 huacha mwanya pembeni, ambao huzibwa kwa vipande vya plastiki vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Jambo hili ni dogo, na aliyekosea huliona mara moja.

Kosa lisiloonekana ni la nyaya, na hilo ndilo linalounguza magari.

Nyuma ya redio mpya kuna nyaya za rangi ambazo kampuni nyingi zimekubaliana nazo. Wa manjano hupokea umeme wa betri wakati wote, na ndio unaohifadhi saa na vituo. Mwekundu hupokea umeme ufunguo unapozungushwa. Mweusi ni wa hasi, hufungwa kwenye bodi. Mweupe, kijivu, kijani na zambarau ni za spika, kila mmoja ukiwa na mwenzake mwenye mstari mweusi.

Sasa tazama upande wa gari. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 na 2000, umeme wa wakati wote huja kwa waya wa buluu wenye mstari wa manjano, ule wa ufunguo ni wa kijivu, na hasi ni wa kahawia. Waya mwekundu, mweusi, mweupe na wa manjano upande huo ni za spika za nyuma! Fundi anayekata soketi na kufunga mwekundu kwa mwekundu na mweusi kwa mweusi atakuwa ameunganisha redio na spika badala ya betri. Bahati ikiwa njema, redio haitawaka. Bahati ikiwa mbaya, ataanza kujaribu nyaya moja baada ya nyingine hadi moshi utoke.

Kwa hiyo usikubali soketi ya gari ikatwe. Madukani kuna soketi za kuunganishia ambazo upande mmoja huingia kwenye soketi ya gari na wa pili hufungwa kwenye nyaya za redio. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na ya redio. Hata ukiwa nayo, fundi athibitishe kila waya kwa mita ya kupimia umeme wala asiamini rangi. Akikutana na nyaya zilizovikwa gamba la manjano, aziache. Aghalabu hizo ni za mifuko ya hewa inayomkinga dereva gari linapogonga.

Kuna njia ya mkato ambayo imewaacha wengi wakisukuma gari asubuhi. Fundi akishindwa kuupata umeme wa ufunguo, huufunga waya wa manjano pamoja na mwekundu kwenye umeme wa wakati wote. Redio hufanya kazi barabara, lakini haijui kwamba umetoa ufunguo. Usiku kucha huendelea kunywa betri. Akizifunga zote mbili kwenye umeme wa ufunguo, betri hupona, lakini kila uzimapo gari redio husahau saa na vituo ulivyohifadhi.

Waya wa spika pia usiguse bodi ya gari. Katika magari ya kale sana spika zilishirikiana hasi moja kwenye bodi. Redio za kisasa hazivumilii hilo, kwani nyaya zote mbili za kila spika hubeba umeme.

Tuje kwenye nguvu. Kwenye boksi utasoma wati 50 mara 4, yaani wati 200. Geuza redio utazame fyuzi yake. Aghalabu ni ya ampea 10. Injini ikiwa inawaka, umeme wa gari huwa takriban volti 14.4. Zidisha volti hizo kwa ampea 10, upate wati 144, na huo ni umeme unaoingia, ambao sehemu yake hupotea kama joto. Wati 200 zitatoka wapi? Ukweli ni kwamba redio ya namna hiyo hutoa takriban wati 18 hadi 22 kwa kila spika mfululizo. Kiasi hicho chatosha kujaza gari dogo sauti, ila usilipe zaidi kwa sababu ya tarakimu zilizo juu ya boksi.

Mimi ningeanza na spika za mbele. Karatasi ya spika iliyokaa mlangoni miaka 20 hukauka, na sponji ya ukingo wake huoza. Redio mpya haiwezi kuifufua. Spika mpya ifungwe imara bila mwanya pembeni, maana hewa ya nyuma yake ikikutana na ile ya mbele, besi hufa. Karatasi ya nailoni iliyo nyuma ya kava la mlango irudishwe mahali pake, la sivyo maji ya mvua yataingia ndani. Chanya na hasi zisibadilishane katika spika moja, kwani moja itasukuma hewa huku nyingine ikivuta. Betri ndogo ya volti 1.5, kama ya saa ya ukutani, yatosha kupima: gusa nyaya mara moja, na chanya ikiwa mahali pake, karatasi ya spika itatoka nje.

Amplifaya ni ya mwisho, na si kila mtu anaihitaji. Hiyo huvuta umeme mwingi, hivyo waya wake hutoka moja kwa moja kwenye betri, ukipita kwenye ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria. Fyuzi iwe karibu na betri, na tundu la ukutani liwekwe mpira usioruhusu chuma kuula waya. Waya huo ukichunika bila fyuzi, betri nzima humwaga umeme kwenye bodi na plastiki huanza kuwaka. Iwapo fyuzi inakatika mara kwa mara, usikubali ibadilishwe kwa kipande cha waya au karatasi ya pakiti ya sigara, tafuta kinachoikata. Anayetaka gari lake lishindane na matatu akumbuke pia kwamba kanuni za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zinakataza kelele za kukera wengine.

Kabla ya kumlipa fundi, washa injini, taa na honi pamoja, usikilize kama kuna mluzi unaopanda injini inaponguruma. Ukiwapo, waya wa hasi haukufungwa vizuri. Tafuta 106.7 au kituo chochote cha juu unachokipenda. Zima gari, utoe ufunguo, na uhakikishe redio imezimika. Kisha umwombe akurudishie redio ya zamani, hata kama haikufai. Siku utakapoliuza gari, huenda mnunuzi akaitaka.