Katharina Zell, Mama Mchungaji Aliyeupeleka Wimbo Jikoni

Nafasi ya mke wa mchungaji, ambaye waumini wengi wa makanisa ya Kiprotestanti katika Afrika Mashariki humwita mama mchungaji, imezoeleka kiasi kwamba ni wachache wanaojiuliza ilianza lini. Kwa karne nyingi katika Ulaya ya Magharibi nafasi hiyo haikuwapo, kwa kuwa sheria ya kanisa iliwataka mapadre waishi katika useja, yaani maisha ya kutooa, na mwanamke aliyeishi na padre hakutambuliwa kuwa mkewe. Matengenezo ya Kanisa, yaani vuguvugu lililoanzia Ujerumani mwaka 1517 kwa mahubiri na maandishi ya Martin Luther, ndiyo yaliyovunja kanuni hiyo na kuwapa wanawake wa kwanza kazi ambayo hawakuwa na mtangulizi wa kuwafundisha. Mmoja wao alikuwa Katharina Schütz Zell wa mji wa Strasbourg, ambaye aliendesha nyumba iliyojaa wageni na wakimbizi, akawazika watoto wake wawili wangali wadogo, na akachapisha kitabu cha nyimbo kilichokusudiwa kuimbwa hata na watu wenye mikono iliyojaa kazi.

Katharina alizaliwa karibu na mwaka 1498 katika familia ya fundi wa mbao huko Strasbourg, mji ambao leo umo Ufaransa lakini wakati huo ulikuwa mji wa watu wanaozungumza Kijerumani, uliojitawala ndani ya Dola Takatifu ya Kirumi. Alijua kusoma na kuandika Kijerumani, ingawa hakuwa na elimu ya Kilatini iliyokuwa lugha ya wasomi na ya ibada. Tarehe 3 Desemba 1523 aliolewa na Matthias Zell, mhubiri wa kanisa kuu la mji, aliyemzidi umri kwa miaka ishirini hivi, na ndoa yao ilifungishwa na Martin Bucer, ambaye baadaye alikuwa kiongozi mkubwa wa Matengenezo mjini humo. Mwaka uliofuata askofu aliwatenga na kanisa mapadre waliooa, Matthias akiwa miongoni mwao, na Katharina akajibu kwa kuchapisha utetezi wa ndoa yake, ambamo pamoja na hoja za Maandiko alifichua kwamba wakuu wa kanisa walikuwa wakipokea fedha kutoka kwa mapadre waliofuga masuria, hali ambayo kwa maoni yake ndiyo iliyowafanya waichukie ndoa halali.

Nyumba ya mchungaji, ambayo awali ilikuwa makazi ya mtu mmoja asiye na mke, iligeuka kuwa kimbilio. Mwaka 1524 wanaume wapatao 150 wa mji mdogo wa Kenzingen walifukuzwa pamoja na mhubiri wao kwa sababu ya imani, na walipofika Strasbourg, Katharina aliwalaza 80 kati yao katika nyumba ya mchungaji, akaendelea kuwalisha watu kati ya 50 na 60 kwa wiki kadhaa, huku akiwaandikia barua ya faraja wake zao waliobaki nyuma. Mwaka 1525, vita vya wakulima vilipoangamiza vijiji vya jirani, alikuwa miongoni mwa walioongoza kazi ya kuwahudumia maelfu ya wakimbizi walioingia mjini. Mwaka 1529 nyumba hiyo iliwapokea Huldrych Zwingli na Johannes Oecolampadius, wanateolojia waliokuwa njiani kwenda Marburg kujadiliana na Luther kuhusu Meza ya Bwana, na Katharina mwenyewe aliandika baadaye kwamba kwa siku 14 alikuwa mjakazi na mpishi wao.

Ni muhimu kukumbuka maneno hayo mawili, mjakazi na mpishi, unapofika wakati wa kueleza mchango wake katika muziki. Katika misa ya zama za kati uimbaji ulikuwa hasa kazi ya makasisi na kwaya, nao waliimba kwa Kilatini, lugha ambayo waumini wengi walioketi au kusimama kanisani hawakuielewa. Wanamatengenezo waligeuza utaratibu huo, na kufikia mwaka 1524 ibada za Strasbourg zilikuwa zimeanza kuendeshwa kwa Kijerumani, huku zaburi zikigeuzwa kuwa mashairi yenye vina ili usharika mzima uweze kuziimba. Mwaka huohuo vitabu vya kwanza vya nyimbo za Kilutheri vilichapishwa, na ndani yake ulikuwamo wimbo wa Elisabeth Cruciger, mtawa wa zamani aliyeolewa na Caspar Cruciger, mwanafunzi wa Luther, wimbo ambao karne mbili baadaye mtunzi Johann Sebastian Bach aliutumia kuwa msingi wa mojawapo ya kantata zake, yaani utungo wa ibada wa waimbaji na ala.

Mchango wa Katharina ulikuwa wa aina nyingine, kwa kuwa yeye alikuwa mhariri na mchapishaji. Mwaka 1531 Michael Weisse, mhudumu wa Ndugu wa Bohemia, kundi la Kikristo lililotokana na wafuasi wa mhubiri Jan Hus, alitoa kitabu cha Kijerumani chenye nyimbo zaidi ya 150 zilizofundisha habari za kuzaliwa, kuteswa, kufufuka na kupaa kwa Kristo. Katharina alikiona kitabu hicho kuwa hazina iliyofichika, akakichapisha upya Strasbourg kati ya mwaka 1534 na 1536, akiongeza vichwa na maelezo mafupi ya kumsaidia msomaji. Hakukitoa kikiwa kimoja kinene, bali alikigawa katika vijitabu vinne vidogo vya bei nafuu, ili mtu asiyeweza kulipia kitabu kizima apate walau sehemu yake, na ili watoto na maskini wasiachwe nje.

Dibaji aliyoiandika ndiyo inayoeleza nia yake. Humo alilalamika kwamba nyimbo chafu zilikuwa zimeenea, zikiimbwa na wazee kwa vijana, na kwa kuwa watu hawaachi kuimba, alitaka wapewe nyimbo zenye mafundisho, hata akasema kitabu chake kinastahili kuitwa kitabu cha mafundisho, sala na sifa kuliko kitabu cha nyimbo. Kisha aliwataja wale aliowakusudia: fundi akiwa kazini, mjakazi akiosha vyombo, mkulima na mtunza mizabibu wakiwa shambani, na mama akimbembeleza mtoto anayelia kitandani mwake. Aliamini kwamba watu hao, wakiimba kwa imani na kufanya kazi zao kwa uaminifu, humpendeza Mungu kuliko mapadre, watawa wa kiume na wa kike wanaoimba nyimbo ndefu za kwaya wasizozielewa.

Chini ya maneno hayo kulikuwa na fundisho ambalo wanateolojia huliita wito, yaani imani kwamba kazi halali ya kila siku, hata iwe ya kufua au kulima, ni utumishi kwa Mungu sawa na kazi ya altareni. Luther alilihubiri fundisho hilo, lakini Katharina alilitafutia nyenzo, kwani mwanamke anayeosha sufuria hawezi kushika kitabu cha teolojia, ilhali anaweza kukariri ubeti na kuuimba bila kusimamisha kazi. Aliyeyaandika hayo aliwahi kuwapikia na kuwatumikia wasomi wakubwa waliokaa mezani pake, tena alikuwa mzazi ambaye hakubahatika kumwona mtoto wake yeyote akikua.

Matthias alifariki Januari 1548, na Katharina akasimama kaburini akawahutubia waombolezaji, jambo lisilo la kawaida kwa mwanamke wa wakati huo. Katika ujane wake alimwuguza mpwa wake aliyekuwa na kaswende, hata akahamia hospitali alimolazwa, na alipoona wagonjwa wanavyotunzwa vibaya alilitaka baraza la mji lirekebishe hali hiyo. Mhubiri kijana aliyewahi kukaa nyumbani kwao, Ludwig Rabus, alimshambulia kwa madai ya kuwa mkorofi na kuwahurumia waliohesabiwa wazushi, naye akajibu kwa kuchapisha barua zao mwaka 1557 ili wakazi wa Strasbourg waamue wenyewe. Alijiita mama wa kanisa, akimaanisha mtu anayelea na kulisha, na alifariki Septemba 1562.

Sharika za Kilutheri za Tanzania ni miongoni mwa warithi wa Matengenezo hayo, na ndani yake mama mchungaji anaweza kuonekana asubuhi akiwapikia wageni na jioni akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, kana kwamba ana kazi mbili zinazogombania muda wake. Katharina Zell alizitazama kazi hizo kuwa moja. Kwake wimbo ulipimwa kwa swali la kama mjakazi angeweza kuondoka nao kanisani, akaufikisha kwenye beseni la vyombo na akaendelea kuuimba huku akielewa kila neno.