Je, Wajua? Manowari za Sultani

Je, wajua kuwa manowari ya Seyyid Said, Sultani wa Unguja, iliishia Jamaica? Jina lake Liverpool, mizinga 74, iliundwa Bombay kwa mbao za msaji mwaka 1826. Mwaka 1836 Seyyid aliitoa tunu kwa Mfalme William IV wa Uingereza, manowari nzima, kama mtu ampavyo jirani beberu. Waingereza wakaiita Imaum, nayo ikaenda kutia nanga Port Royal, huko Jamaica. Wao walimletea yati ya kifahari, Prince Regent. Haikumkaa moyoni, akaitunuku kwa Gavana Mkuu wa India.

Neno manowari nalo ni la Waingereza. Kwao meli ya vita huitwa “mtu wa vita”, na masikio ya pwani yakaliokota hivyo hivyo lilivyosikika.

Je, wajua kuwa meli za Seyyid zilibeba mizigo kuliko zilivyopigana? Seyyid alikuwa tajiri wa biashara kwanza, vita baadaye. Tarehe 30 Aprili 1840 Sultana, mojawapo ya meli zake za mizinga, iliingia New York chini ya Ahmad bin Na'aman, imesheheni pembe za ndovu, karafuu, tende, kahawa na ngozi. Mizinga ilikuwamo, lakini waliokwenda kuitazama walivutiwa zaidi na mabaharia na vilemba vyao. Serikali ya Marekani ikaikarabati kwa gharama yake, na mchoraji Edward Mooney akachora picha ya Ahmad. Mwenye meli mwenyewe alifia baharini Oktoba 1856, ndani ya meli yake Victoria, akitoka Muscat kurudi Unguja.

Tufani ya Aprili 1872 iliyong'oa mikarafuu ya Unguja ilizivunja pia meli za Barghash, mwana wa Seyyid. Akaagiza nyingine Uingereza, iliyofanana na manowari ya Kiingereza Glasgow aliyoiona bandarini, akaipa jina hilo hilo.

Asubuhi ya 27 Agosti 1896, katika vita vya Waingereza na Unguja visivyotimiza saa moja, Glasgow ya Sultani ilithubutu kuifyatulia St George, meli kubwa ya Waingereza. Ikazamishwa. Lakini maji ya pale ni haba: mpaka mwaka 1912, kila jahazi lililoingia bandarini liliikuta milingoti yake mitatu imesimama juu ya maji, mbele ya jumba la Beit al-Ajaib.