Mizani Hupimwa kwa Sikio

Asiyejua maana haambiwi maana. Lakini katika ushairi wetu naona wako vijana wanaoyajua majina yote, na utungo wenyewe wasiusikie. Waulize mizani, vina na mishororo, watakujibu pasi na kusita. Waonyeshe Utendi wa Mwana Kupona katika mswada wa khati za Kiarabu, watakwambia umekosewa.

Hebu natutazame, ndugu msomaji, sababu ni nini.

Shuleni hufunzwa ya kwamba ubeti wa utendi una mishororo minne, kila mmoja mizani nane. Kwa kitabu cha chapa ni sawa. Lakini katika miswada ya kale, aghalabu vipande hivyo vinne huandikwa kwa msitari mmoja au miwili, na baina yake hutiwa alama. Ahesabuye kwa macho ataona msitari mmoja. Asomaye kwa sauti atasikia vipande vinne.

Kwani mizani ni nini? Ni hesabu ya silabi, nazo hupimwa kwa sikio. "Mbuzi" ni mizani mbili: mbu-zi. "Mtoto" ni tatu: m-to-to. Yote mawili yaanza kwa m, lakini m ya mtoto husimama peke yake, na ya mbuzi haisimami. Jicho halitakwambia hayo.

Vina navyo ni vivyo hivyo. Katika utendi, vipande vitatu vya mwanzo hupatana, na cha nne huchukua kina kinachorudi ubeti hata ubeti. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia bintiye mawaidha yale mwaka 1858, kina hicho alikwenda nacho hadi mwisho. Ndicho kimjulishacho msikilizaji kuwa ubeti umetimia, hata kama mswada hajauona.

Neno "bahari" nalo huwatatiza wengi. Kwa Waarabu ni kipimo cha mwendo wa shairi. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu ya mwaka 1988, aliziita bahari aina za tungo: utendi, shairi, wimbo, ukawafi na nyinginezo. Vitabu vya shule huita bahari hata msuko, ambao ni shairi lililofupishwa kituo. Hapana haja ya kugombana. Yatosha kujua asemaye akusudia lipi.

Khofu yangu ni moja. Iko miswada iliyobaki masandukuni mwa wazee wetu. Mjukuu aliyefunzwa kuhesabu misitari tu ataiona mibovu, na kitu kikishaonekana kibovu hakichukui muda kutupwa.

Basi, walimu na wazazi, kijana akiletewa utungo, mwambieni ausome kwa sauti kwanza. Kalamu aishike baadaye. Wabillahi tawfiq.