Ndizi Ni Tele, Lakini Chungu Kina Nini Mwezi wa Agosti?

Mtu ashukaye kutoka Nkubu kwenda Mitunguu huona nchi ikibadilika mbele ya macho yake. Baridi ya Mlima wa Kenya humwacha, jua humpokea, na kando ya njia migomba imesimama safu kwa safu kama askari wa gwaride. Neema hii si ya tangu zamani. Ni maji ya Mto Thingithu, yaliyofikishwa mashambani kwa mabomba katika mradi ulioanza miaka ya 1980 kwa msaada wa Ujerumani, yaliyoifanya nchi ile kavu izae ndizi za kuuzwa mpaka Nairobi.

Pamoja na neema hiyo, si ajabu kumkuta mama wa Mitunguu mwezi wa Agosti akisimama dukani kununua mahindi na maharagwe kwa bei ya juu. Sababu yake ni rahisi kueleza. Gari la wakala lifikapo, ndizi hukatwa, fedha hupokewa, nazo fedha zina miguu. Mkungu ukikatwa hauwezi kungoja bei nzuri. Baada ya siku chache umeiva, na baada ya nyingine chache umeoza. Kwa hiyo mwenye shamba huuza kwa bei apewayo, kisha hununua kwa bei aambiwayo. Hasara ni mbili, na zote humwangukia mtu mmoja.

Wazee watakumbuka kwamba chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa mwaka 1952, akina mama walifundishwa kufuma kwa sindano, kushona, kupika na kutunza watoto. Mengi yalikuwa mema. Lakini kwa maoni yangu sweta haina kazi kubwa katika joto la Mitunguu, na keki hutaka siagi, mayai na sukari ambavyo vyote ni fedha. Uangalifu wa nyumba yafaa uanze na vitu vilivyopo uani: majani ya migomba, jua, majivu na katani.

Tuanze na kuni, kwa maana hapo ndipo fedha na nguvu za mama hupotea kila siku. Mchanganyiko wa mahindi makavu na maharagwe, chakula kipendwacho na Wameru na Waembu wote, huweza kukaa motoni saa tatu au zaidi. Dawa yake ni kikapu cha kupikia. Twaa kikapu kikubwa chenye mfuniko. Kijaze majani makavu ya migomba yaliyopondwa mpaka yawe laini, unene wa kiganja chini na pande zote, ukiacha katikati shimo la kutosha sufuria yako barabara. Tandika kitambaa juu ya majani ili yasitawanyike. Shona na mto mmoja uliojazwa majani hayo hayo, uwe kifuniko.

Matumizi yake ni haya. Loweka nafaka usiku kucha, mwaga maji yale, tia mengine, kisha chemsha kwa moto mkali muda wa saa moja hivi. Sufuria ingali inatokota, ifunike vizuri, iingize kikapuni, weka mto juu, funga, na uende shambani. Usifungue kuchungulia! Kila ufunguapo, joto hutoka. Baada ya saa nne au tano utakuta chakula kimeiva, wala hakuna kilichoungua chini. Wali na ndizi hutaka moto wa dakika chache tu kabla ya kuingia kikapuni.

Hapa pana onyo, nami naomba lisomwe mara mbili. Maharagwe, hasa yale mekundu, yana sumu yake ya asili ambayo huharibiwa na maji yanayotokota kwa nguvu, si na maji ya moto tu. Maharagwe yasiyochemka sawasawa kwa dakika kumi kamili yasiingie kikapuni hata kidogo, kwa kuwa joto la kikapu halitoshi kuiua sumu hiyo. Na chakula kilichopoa humo kichemshwe tena kabla ya kuliwa.

Sasa tuje kwenye ndizi zenyewe. Siku wakala akatoa bei ya dharau, mama asilie. Atenge mikungu michache iliyokomaa lakini ingali mibichi. Apake mikono mafuta kwa ajili ya utomvu, amenye, akate vipande vyembamba vya nusu sentimita, na avitie katika maji yenye ndimu visiwe vyeusi. Kisha avianike juu ya kichanja kilichoinuliwa kutoka ardhini na kufunikwa chandarua, mbali na kuku na vumbi la barabara. Vipande vikivunjika kwa mlio kama biskuti, vimekauka. Vikisagwa hutoa unga wa uji, nao ukichanganywa na wimbi watoto huupenda. Kilo tano za ndizi pamoja na maganda hutoa takriban kilo moja ya unga, lakini kilo hiyo hukaa miezi katika chombo kikavu kilichofungwa.

Maembe mabivu hukaushwa vivyo hivyo, ila bila ndimu. Majani ya kunde yachovywe kwanza katika maji yanayochemka kwa dakika mbili, yachujwe, kisha yakaushwe kivulini penye upepo. Jua kali huyapunguzia vitamini. Kuhusu jamu, imesifiwa mno. Hutaka sukari karibu sawa na uzito wa tunda, na nyumba inayohesabu shilingi haiwezi kuita jambo hilo akiba.

Kukausha si mchezo wa kupitisha wakati. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu kuvu, na 125 kati yao walikufa. Mahindi yale yalikuwa yamewekwa yangali na unyevu, ukungu ukaota, nao ukungu huo ndio ulioacha sumu ndani ya punje. Kupika hakuiondoi, wala kusaga. Na mvua za masika zikija mapema, mavuno ya Februari na Machi huko Mitunguu nayo huweza kukutwa na unyevu huo huo.

Jaribio hili halina gharama. Twaa chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia punje za mahindi robo yake na chumvi iliyokaushwa juani vijiko viwili vitatu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yana unyevu, yarudishe juani. Ikianguka chini yote, yanaweza kuhifadhiwa. Yaanikwe juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo mtupu. Majivu ya jikoni yaliyochekechwa husaidia kuzuia dumuzi na fukusi, na mwenye uwezo anunue gunia lisilopitisha hewa, kwani humlipa gharama yake. Lakini hakuna gunia liwezalo kuponya mahindi yaliyoingia yakiwa mabichi.

Bustani sitaisemea sana. Gunia la udongo na samadi, lenye nguzo ya kokoto katikati ya kupitisha maji, huotesha mchicha, mnavu na sukuma wiki mlangoni pa jiko, nalo hunyweshwa maji yaliyooshea mboga. Bwana wa nyumba aweza kulijaza kwa asubuhi moja, naye asiseme ni kazi ya wanawake, kwa maana mboga hizo atazila yeye pia.

Limebaki jambo la kiondo. Katani iliyopandwa mpakani hukwanguliwa kwa panga butu, huoshwa, hukaushwa, na nyuzi zake husokotwa juu ya paja jioni watu wakizungumza. Kiondo kilichofumwa vizuri hudumu miaka mingi, nacho huuzika. Mama anayeanza na afume kwanza kile kikubwa cha kupikia, chenye mdomo mpana na mfuniko wake. Na asisahau kupima sufuria yake kabla ya kufuma, masikio yake yakiwemo.