Ganda la Chuma katika Chemba Iliyozoea Shaba

Ganda la risasi, ambalo hubeba baruti, kiwashio na kichwa kinachoruka, kwa desturi hutengenezwa kwa aloi yenye takriban asilimia 70 ya shaba na 30 ya zinki. Hata hivyo, Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, na Muungano wa Kisovieti kwa miongo mingi, zilitumia chuma laini, ambacho ni rahisi na hupatikana kwa wingi, kisha zikakipaka vanishi kisishike kutu.

Baruti inapowaka, ganda hutanuka na kuziba chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu linamokaa risasi, halafu hunywea ili litoke. Aloi hiyo ya shaba hufanya yote mawili vizuri kuliko chuma, ambacho huziba kwa upungufu, kikiruhusu masizi yapenye, na hakinywei sana. Katika bunduki inayojipakia, ambayo kwa kila mvuto wa kifyatulio hufyatua risasi moja, kisha hulitoa ganda na kuingiza risasi nyingine, udhaifu huo una uzito, kwa kuwa ganda likikwama, bunduki nayo husimama.

Wahandisi wa Kisovieti walilikabili tatizo hilo kwa umbo: ganda la risasi ya 7.62 × 39, iliyobuniwa mwaka 1943 na kutumiwa baadaye katika bunduki ya AK-47, limechongoka kiasi kwamba hatua ndogo tu ya kurudi nyuma hulitenga na kuta za chemba. Bunduki ya AR-15 ya Marekani, kinyume chake, iliundiwa ganda la shaba lililokaribia kunyooka, na hapo ndipo malalamiko mengi huzuka. Wengi huilaumu vanishi kwamba huyeyuka, ilhali mshukiwa wa karibu zaidi ni masizi. Ndiyo maana ganda la shaba, lenye kutanuka vyema, laweza kunasa katika chemba iliyochafuliwa na chuma na isiyosafishwa.

Hofu kwamba ganda la chuma huumaliza mtutu haina msingi, kwa sababu ganda halipiti humo. Kinachopita ni kichwa, na risasi nyingi za bei nafuu kutoka Urusi zina kichwa kilichovikwa chuma chembamba chenye utando wa shaba, ambacho husugua mifuo ya mtutu haraka zaidi.

Unafuu huo wa bei wenyewe ulitikisika Septemba 2021, Marekani ilipoanza kuzuia vibali vipya vya kuingiza risasi za Kirusi, kufuatia kupewa sumu kwa mwanasiasa wa upinzani wa Urusi, Alexei Navalny.