Sanaa ya kupumzikia: Bujumbura inaweza kujifunza nini kutoka Muyinga?

Mjini Bujumbura, kusubiri kumekuwa sehemu ya maisha ya kila siku. Uhaba wa mafuta ulioisumbua Burundi katika miaka ya karibuni umewaacha wakazi wengi wakipanga foleni ndefu kungoja mabasi, mara nyingi wakiwa wamesimama juani. Katika hali hiyo, swali la wapi mtu ataketi na kupata kivuli si la anasa.

Jibu mojawapo ni kazi ya sanaa ya muda, inayosimamishwa katika eneo la wazi kwa wiki au miezi michache, ambayo watu hawaitazami tu bali huingia ndani yake, wakaketi na kuzungumza. Ugumu uko katika kuijenga bila kuacha taka nyuma yake.

Mfano wa nyumbani

Burundi haihitaji kuanzia sifuri. Maktaba ya Muyinga, kaskazini mashariki mwa nchi, ilikamilika mwaka 2012 kwa usanifu wa kampuni ya BC Architects ya Ubelgiji. Ingawa ni jengo la kudumu, mafunzo yake yanafaa hata kwa kazi ya muda.

Kuta zake ni za matofali ya udongo yaliyoshindiliwa badala ya kuchomwa, hivyo hakuna kuni zilizoteketea kwa ajili ya matofali hayo. Kando yake kuna baraza ndefu yenye paa, kwa desturi ya nyumba za Kirundi, ambapo watu hukutana wakijikinga na jua kali na mvua. Ndani, juu ya sehemu ya watoto, umetandazwa wavu mkubwa wa kamba za katani ambao watoto huulalia wakicheza na kusoma.

Nje ya Burundi, msanifu Francis Kéré, mzaliwa wa Burkina Faso, ameonesha kwamba kazi ya muda inaweza kuwa na maisha ya pili. Mwaka 2019 alisimamisha minara yenye umbo la mbuyu katika tamasha la Coachella, Marekani. Tamasha lilipokwisha, baadhi ya minara hiyo ilihamishiwa katika bustani ya umma.

Mahali, vifaa na hatima

Kwa Bujumbura, uamuzi wa kwanza ni mahali. Ufuo wa Ziwa Tanganyika unavutia, lakini mwaka 2021 na tena 2024 maji yalipanda na kuwahamisha watu makwao. Ziwa hilo lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, ulioko Kongo, hivyo yakishapanda hayashuki upesi. Viboko nao hutoka majini usiku kutafuta malisho. Eneo lililoinuka, karibu na vituo vya mabasi, katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, lingekuwa salama zaidi na lingewafikia wanaolihitaji.

Uamuzi wa pili ni vifaa. Mianzi na miti ya mikaratusi hupatikana nchini, lakini mwanzi huliwa na wadudu usipokatwa ukiwa umekomaa na kukaushwa vyema, na huoza ukigusa udongo wenye unyevu. Ndiyo maana nguzo zake huwekwa juu ya mawe. Zikifungwa kwa kamba za katani badala ya misumari, nguzo hizo hufunguliwa zikiwa nzima. Katani huoza baada ya muda: kasoro kwa nyumba ya kudumu, lakini faida kwa kazi inayokusudiwa kuondoka.

Uamuzi wa mwisho hufaa kufanywa kabla ya nguzo ya kwanza kusimama: nani ataitunza kazi hiyo, na nani atapewa vifaa itakapobomolewa. Shule inayokosa madawati au soko lisilo na vivuli vinaweza kuvipokea. Bila makubaliano hayo, kivuli cha leo huwa takataka za kesho.